Nilivyokwenda Niue Kukagua Boma la Sione

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi ya kutunza wazee hapa Birmingham, na mzee akiniambia amemeza dawa zake, kwanza nainua mto wa kitanda chake nione kama hajazificha chini. Kwa hiyo familia ilipotafuta mtu wa kwenda kuangalia boma la kijana aliyetaka kumwoa Neema, jina lililotajwa lilikuwa moja tu, langu.

Neema ni binti wa marehemu kaka yangu Wafula. Amezaliwa hapa, na Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu anakichanganya na Kiingereza mpaka hujui umjibu kwa kipi. Ninyi mlio nyumbani Bungoma mnaujua utaratibu wetu: msichana haendi kwa watu kabla watu wake hawajaenda kuona anakopelekwa. Huangaliwa nyumba, shamba, majirani, na sura ya mama mkwe siku ambayo hakujiandaa. Kazi hiyo ni ya shangazi. Tatizo ni kwamba Sione hakutoka Bungoma, wala Kisii, wala hata Goma walikotoka majirani zangu wa mtaani kwangu Lozells. Alitoka Niue.

Niue ni mwamba mmoja katikati ya bahari ya Pasifiki, nchi ndogo inayojitawala huku imeegemea New Zealand, na watu wake wote hawajazi jukwaa moja la uwanja wa Perry Barr hapa Birmingham. Ni uwanjani hapo Neema alikokutana naye, wakati wa michezo ya Jumuiya ya Madola. Neema alikuwa amejitolea kuwaelekeza wageni vyoo viliko. Sione alikuja na wenzake kuishangilia timu ya kwao. Michezo ilipokwisha akarudi alikotoka, na baada ya miezi minne akaja tena na kibali cha kazi, fundi wa mapaa. Sasa walitaka kuoana na kwenda kuishi huko kisiwani. Alisema ana nyumba. Alisema haina mtu. Alisema haijawahi kufungwa kwa kufuli.

"Nyumba nzuri haina mtu kwa nini?" niliuliza siku tuliyokaa kikao Kings Heath, nyumbani kwa mdogo wangu Wekesa.

"Anti, please, usianze," alisema Neema.

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Wekesa ndiye mkubwa wa familia huku tangu Wafula atutoke. Alikohoa kidogo, akaweka kikombe chini. "Dada, nenda ukaone. Ukirudi ukisema ndiyo, tutawapokea wageni. Ukisema hapana, hakuna posa, mambo yameisha."

Neema alinitazama kwa macho yale ya baba yake. Nikajua kwamba mtoto huyu ameshaamua, ila neno langu anaweza kulibeba maisha yake yote, liwe zuri au baya. Hapo nikaahidi kwamba hakuna mtu kisiwani atakayenidanganya.

Jumatano jioni niliondoka uwanja wa ndege wa Birmingham. Sione alinibebea sanduku mpaka mlangoni, mpole kupita kiasi, nami sipendi upole wa uwanja wa ndege. Niliwaambia nitapumzika Auckland siku kadhaa kabla ya kuendelea. Sikuwa na nia ya kupumzika. Nilitaka kumfikia mama yake ghafla, akiwa na kanga ya jikoni na vyombo vichafu, kama watu wa kwetu wafanyavyo wanapotaka kuona ukweli.

Dubai sikuona kitu ila maduka. Ijumaa mchana nilifika Auckland miguu imevimba, nikalala hoteli, na Jumamosi asubuhi nikapanda ndege ya Niue. Huko huenda ndege mbili tu kwa juma. Rubani alipotangaza kwamba tutatua saa sita mchana siku ya Ijumaa nilidhani amechoka. Nikamuuliza mama aliyekaa karibu nami, amepakata keki mbili.

"Ndiyo, Ijumaa," alisema. "Tunavuka mstari wa tarehe. Ijumaa unaipata mara mbili."

Nilimshukuru, lakini moyoni nilisema nchi inayoanza kwa kukuchezea kalenda ni ya kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Ijumaa, kwa mara ya pili, tulitua. Kisiwa hakina mlima wala mto. Ni msitu juu ya jiwe, na jiwe limekatika wima hadi baharini, bila zile fukwe za mchanga za kwenye picha za kalenda. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nitafikia wapi. Nikamtajia jina la mama yake Sione, Mele.

"Yuko hapo nje," alisema, akapiga muhuri.

Na kweli alikuwa nje, mwanamke mfupi mnene wa umri wangu, na shada la maua mkononi. Alinivika, akanikumbatia. Mshangao wangu wote ukaishia kwenye maua yale. Nikamuuliza amejuaje.

"Ndege ni mbili," alisema. Tulisemezana kwa Kiingereza. Mimi nawaandikia kwa Kiswahili. "Nimekuja ya leo. Usingekuwemo, ningekuja ya Jumatatu."

Njiani kwenda kijijini, kila gari tulilopishana nalo, dereva alipunga mkono. Watoto walipunga. Mzee aliyekuwa akikata nyasi alisimamisha mashine akapunga. Mele naye alipunga bila kuacha kuzungumza. Mimi nikahesabu mikono ishirini na mitatu, nikajiambia: hawa wameambiwa. Mtu mmoja amepita kijiji kwa kijiji akasema mgeni kutoka Birmingham anakuja, mchangamkieni.

Lililonishtua zaidi ni nyumba. Kila baada ya hatua chache nyumba tupu, madirisha yametoka, mti umeota sebuleni. Na mbele ya kila moja, karibu na barabara kabisa, makaburi meupe, safi, yamefagiliwa. Nyumba imeanguka, kaburi limepakwa rangi. Kwetu pia tunazika bomani, kwa hiyo makaburi hayanitishi. Kilichonitisha ni kuona wafu wana watunzaji na walio hai hawapo.

"Wenye nyumba wako New Zealand," Mele alisema kabla sijauliza. "Wengi wetu tuko huko kuliko hapa."

"Na makaburi nani anafagia?"

"Tuliobaki."

Ijumaa hiyo jioni alinionyesha nyumba ya Sione, hatua kumi kutoka kwake. Ilikuwa nyumba ya bibi yake, ya zege, paa zima, na mlango kweli haukuwa na kufuli. Ndani mlikuwa na kitanda kilichotandikwa na hakuna vumbi. Nilipitisha kidole juu ya kabati, nikakitazama, kikawa safi. Hata usafi ule niliushuku.

Mbele ya mlango kulikuwa na makaburi matatu yaliyomwagiwa vijiwe vyeupe. Mele alinipitisha moja moja. "Huyu ni babu yake Sione. Huyu ni bibi yake. Huyu ni Ana."

Nililisikia pengo hapo. Wawili alisema ni nani wa nani, wa tatu akatoa jina tupu. Machale yakanicheza. Ningeuliza moja kwa moja ningejibiwa moja kwa moja, lakini mpelelezi akishajiita mpelelezi njia hiyo haioni. Kwa hiyo Mele ndiye aliyeuliza, lake.

"Na baba yake Neema, amelala wapi?"

"Nyumbani kwetu Bungoma," nilijibu upesi. "Mbele ya nyumba yake. Tumemjengea vizuri, na vigae."

Ulikuwa uongo. Ninyi mnajua Wafula alivyozikwa, lakini niuseme ukweli kwa mwingine atakayesoma. Alikufa Birmingham mwaka ule wa korona, ndege zimesimama, na aliyetia sahihi azikwe huku huku ni mimi. Nilikuwa nimemwahidi mama yetu kwamba mwanawe atarudi. Tulisimama watu wachache, mbalimbali, nyuso zimezibwa, kwenye makaburi ya manispaa ng'ambo ya Perry Barr, na mvua. Tangu siku hiyo sikurudi pale. Basi langu la kwenda kazini hupita karibu na geti lake, nami hukaa upande wa pili. Sikuweza kumwambia mwanamke mwenye makaburi meupe mlangoni kwamba sisi tuliokuja kukagua boma lake, mtu wetu tumemwacha kwenye mstari wa watu tusiowajua. Niliona aibu, nikadanganya, na vigae nikaongeza mwenyewe.

Mele alinitazama kitambo. "Vigae," alisema. "Vizuri." Akaenda kuchemsha maji.

Jumamosi nilimwomba gari nikazunguke peke yangu. Funguo zilikuwa ndani ya gari, zimeachwa usiku kucha. Barabara inakizunguka kisiwa chote, saa mbili ukienda polepole. Watu wakanipungia tena, wote. Nikafikiri ni kwa sababu gari ni la Mele. Nikaliegesha kwenye kijiji cha mbali, nikavaa kitambaa kingine kichwani, nikatembea kwa miguu. Wakanipungia vilevile. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alitua beseni ili apate mkono wa kupunga. Ilibidi nami niinue wangu, shingo upande.

Nikashuka ngazi za mawe mpaka baharini, mahali ambapo mwamba umepasuka na maji yametulia ndani yake kama ya kwenye beseni. Nikasikia mtu anavuta pumzi nzito nyuma yangu. Nikageuka haraka, tayari kumuuliza ananifuata kwa nini. Hapakuwa na mtu. Nje kidogo ya mwamba mgongo mweusi ulizama, ukainuka tena, ukapumua. Alikuwa nyangumi. Nilicheka peke yangu, kicheko cha kwanza tangu nitoke nyumbani, kisha nikakumbuka kilichonileta.

Jumapili hakuna mashua inayoshushwa wala duka linalofunguliwa. Tulikwenda kanisani Mele akiwa na kofia nyeupe ya kusukwa, nami nimeazimwa nyingine. Waliimba kwa sauti nne bila kinanda, na kwa nusu saa nzima nilisahau kushuku. Mchungaji akanitaka nisimame, akawaambia watu kwamba familia ya mchumba wa Sione imefika, na kwamba wangeombea pia wafu wetu. Akauliza ndugu yangu amezikwa mji gani, amtaje.

Kusema uongo uani ni jambo moja, na mbele ya madhabahu ni lingine. Kabla sijafungua mdomo Mele alinishika mkono, akasema, "Mwombee tu, popote alipolala."

Wakaomba. Mimi sikuomba, nilikuwa nawaza. Kwa nini alisema popote? Mtu aliyeambiwa Bungoma husema Bungoma. Nikaanza kuhisi kwamba kuna mmoja anayepeleleza hapa, na huenda si mimi.

Jumatatu nilikwenda dukani na simu yangu, ndani yake picha niliyoipiga ya kaburi la Ana. Maandishi yalikuwa ya lugha yao. Mwenye duka, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliiangalia akatabasamu kwa huzuni.

"Ana," alisema. "Alikuwa mwalimu wa shule yetu. Imeandikwa: mke mpendwa wa Sione."

Nilinunua kopo la samaki nisilolihitaji. Mke! Kijana mwenye mke kaburini, mbele ya mlango ule ule anaotaka kumwingiza mtoto wetu, na hakuna aliyesema neno. Nilimkasirikia Sione, nikamkasirikia Mele na chai yake, nikaikasirikia mikono yote iliyonipungia. Wakati huo ndege ya Jumatatu ilipita juu ikirudi Auckland. Nyingine ingekuja Ijumaa.

Jumanne nilimpigia Neema. Huko saa zinalingana nasi kwa namna ya ajabu: kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, kwake saa moja jioni, siku ile ile.

"Neema, Ana ni nani?"

Nikasikia televisheni inazimwa. "Anti..."

"Nijibu kwa Kiswahili, nisikie vizuri."

"Alikuwa mke wa Sione. Aliugua, akafa. Sione aliniambia the second time tumeonana, hakunificha. Ni mimi nilisema wasikuambie. Nilitaka ni-explain mwenyewe."

"Ungenieleza lini? Nikishakula keki ya harusi?"

"Ningesema before uende, ungekataa hata kabla hujaingia ndege. Ungeenda kutafuta sababu tu. Nilitaka u-meet Mama Mele kwanza. Anti, say nimekosea. Lakini si wao, ni mimi."

Nilikata simu. Alikuwa amesema kweli. Ningekataa nikiwa nimekaa kwenye kochi la Wekesa. Siku nzima nilijifungia chumbani nikikunja nguo na kuzikunjua. Nilikuwa nimepanda ndege tatu kuwakamata wageni, na aliyenificha ni wa tumbo la kwetu.

Jumatano asubuhi Mele alinigongea. Alikuwa na ndoo mbili. "Njoo unisaidie," alisema. Tulishuka mpaka kwenye maji, tukaokota vijiwe vyeupe vilivyolainishwa na mawimbi, tukavipandisha juu na kuviosha kwenye beseni mbele ya makaburi. Tulipoanza kuvimwaga juu ya Ana, nilimuuliza waziwazi kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Neema aliniomba. Nikamwambia sitasema, lakini sitaficha. Ndiyo maana nilikupitisha hapa siku ya kwanza." Alifuta mikono kwenye gauni. "Ungeuliza ningekujibu. Nilingoja uulize."

Akanisimulia. Ana alipelekwa hospitali Auckland, akafia huko. Walimrudisha kwa ndege hiyo hiyo ya mara mbili kwa juma, kijiji kizima kikaenda uwanjani kumpokea. Baada ya maziko Sione alilala nyumba ile siku tatu, ya nne akahamia kwa mama yake, halafu akaondoka kisiwani.

"Hakukimbia kaburi," Mele alisema. "Alikimbia kitanda."

"Kwetu," nilimwambia, "mke aliyezikwa mbele ya nyumba ndiye mwenye nyumba, hata akiwa chini. Sasa Neema akija hapa atakuwa nani?"

"Atakuwa anayefagia." Alivipanga vijiwe pembeni kwa vidole. "Ana hakuacha mtoto. Watu wake wote wako New Zealand. Mimi nikifa hana wa kumfagilia. Nilimwambia Neema hivyo kwenye simu, nikangoja akatae, maana nami nilitaka kujua ni mtu wa namna gani. Hakukataa. Alisema kazi hiyo anaijua."

Sikujua Neema aliijulia wapi, binti ambaye chumba chake mwenyewe humshinda. Nilitaka kuuliza, lakini Mele alikuwa ameacha kazi na kunitazama, ametulia, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Nikaelewa kwamba ndio wakati wangu. Ilinipasa kusema: Wafula hana vigae. Wafula hayuko Bungoma. Maneno yalifika kwenye meno, nikayameza. Nikasema vijiwe ni vizuri.

"Ndiyo," alijibu, akarudi kwenye ndoo. "Vingine vimeshasafiri mbali."

Nilidhani anasema New Zealand.

Alhamisi kijiji kilinifukia chakula ardhini kwa mawe ya moto: nduma, papai na tui la nazi vimewekwa tabaka kwa tabaka. Nilikula mpaka nikaona aibu. Mzee mmoja aliniuliza nimeionaje nchi yao, nikamwambia nimeona kila kitu kiko wazi mno, nikashindwa kuamini. Alicheka, akasema kisiwani hakuna kinachojificha muda mrefu, hata kaa wao wakubwa walao nazi hutoka mafichoni jioni.

Ijumaa Mele alinipeleka uwanja wa ndege. Alinipa mkeka mdogo wa kusukwa, mweupe, kingo zake zimetiwa urujuani, umekunjwa ndani ya kitambaa.

"Ukifika kwa ndugu yako, mtandikie."

Hakusema Bungoma. Nilisimama pale na mkeka mikononi, abiria wanaitwa, na kwa mara ya pili nikawa mwoga. Nikamkumbatia nikaondoka. Dirishani nilipotazama chini niliwaona watu kwenye uzio wa uwanja, wadogo sana, mikono juu. Nikapunga, nikijua hawanioni. Katika juma lile zima, uongo mmoja ulisemwa kisiwani, na ulikuwa wangu. Sikulala mpaka Dubai.

Jumapili asubuhi, Birmingham, nilikuwa na kazi moja tu: kufika Kings Heath saa nane mchana nitoe neno. Wekesa alikuwa ameshaalika watu. Lakini ule mkeka ulikaa juu ya meza yangu Lozells ukinitazama. Mwisho nikauweka kwenye mkoba, nikapanda basi la kwenda Perry Barr, na safari hii nikakaa upande wa geti.

Nilitegemea kutafuta. Nilitegemea magugu hadi kiunoni, alama ya mbao imeoza, na mimi nikisoma majina ya watu wengine mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumwomba radhi. Nikakunja kona kwenye mti wa tatu, ninaoukumbuka kwa sababu niliuegemea siku ile ya mvua, nikaona kitu cheupe.

Kaburi la Wafula lilikuwa limefagiliwa. Nyasi pembeni zimekatwa kwa mkasi, zimenyooka. Na juu yake, kutoka kichwani mpaka miguuni, vimemwagwa vijiwe vyeupe laini, vile vile nilivyoviosha mwenyewe kwenye beseni siku nne zilizopita.

Nilikaa chini kwenye majani mabichi, na gauni langu la kikao. Basi Neema alikuwa akija hapa. Kazi hiyo anaijua, Mele alisema. Amekuja miaka yote hii peke yake, na baadaye na Sione, na Mele akawatumia vijiwe kutoka upande wa pili wa dunia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Alikijua kila kitu siku ile nilipomwambia habari ya vigae. Alijua, akaenda kunichemshia chai, akaningoja juma zima. Nililia kwa sauti, na sikujali mzee aliyekuwa akimwagilia maua kaburi la pili.

Nilipomaliza nilimtandikia kaka yangu mkeka. Nikaupiga picha pamoja na vijiwe, na nyuma yake barabara na basi jekundu likipita, ili kusiwe na shaka ni wapi. Nikamtumia Mele. Chini yake nikaandika: Wafula amelala hapa. Nilikudanganya, nisamehe.

Kwake ilikuwa bado Jumamosi usiku. Jibu lilikuja mara moja, halikuwa na neno hata moja. Lilikuwa ule mkono mdogo wa kwenye simu, unaopunga.

Nimejifunza nini katika safari hii? Kwamba jicho langu ni kali kwa kuinua mito ya vitandani mwa wengine, si wangu. Mengine nimeshayasema.

Saa nane kasorobo Wekesa alinipigia. Nyuma yake nilisikia vikombe na watu, na sauti ya Neema ikiuliza kama nimeonekana.

"Dada, uko wapi? Watu wote wamefika, tunangoja neno lako."

"Neno ninalo," nilisema. "Lakini habari ya binti hutolewa bomani kwa baba yake. Mchukue Neema, mchukue na Sione, mje huku."

"Huku wapi?"

"Nyumbani kwa Wafula," nilimwambia. "Neema anaijua njia."